Jumanne za Kalamu Nyekundu

Kaka Spana, fundi wa mafundi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi, pamoja na huyo mtoto mnayesema kachukua pua yangu. Mwambieni pole, pua hii ina kazi zake. Sisi huku tunapumua. Mama anakusalimu sana. Mguu wake unaendelea kukauka, kidonda kimebaki kama sarafu, na daktari wa kliniki kasema akivumilia miezi mitatu mingine atavaa viatu kama watu wengine. Viatu vyenyewe ameshavichagua. Vina kisigino.

Najua umeshangaa kupata barua badala ya simu. Simu zako nimeziona, tatu, sikupokea. Nyumba yetu unaijua, ukikohoa jikoni, chumbani wanakwambia pole, na haya maneno si ya kusikiwa na baba. Halafu wewe kwenye simu hunikatiza. Barua huwezi kuikatiza. Kwa hiyo kaa chini, futa grisi mikononi, usome mpaka mwisho kabla hujampigia mtu yeyote. Nakuomba, kaka.

Jambo lenyewe ni baba. Hii ni wiki ya pili yuko nyumbani. Amenyang'anywa funguo za gari la mkurugenzi, na ilibaki miezi minane tu astaafu. Mama ameambiwa kwamba gari liko kwa fundi. Kila siku saa kumi na moja alfajiri baba anaamka, ananyoosha shati lake jeupe, anavaa, anakaa kwenye kochi kama mtu anayesubiri kupigiwa honi. Mpaka mchana. Halafu anavua shati, analitundika, analala chali anaangalia dari.

Nianzie mbali kidogo, maana bila kile kitabu hutaelewa.

Unakumbuka nilivyoingia pale kiwanda cha sabuni, kazi yangu ilikuwa kutoa fotokopi. Ile meza ya fotokopi ilikuwa inayumba, wakaiwekea kitabu chini ya mguu mmoja. Siku moja nimeinama kuokota karatasi nikasoma mgongo wa kitabu, kumbe ni mwongozo wa kodi ya mishahara, umetumwa na ofisi ya kodi na hakuna aliyewahi kuufungua. Nikauchomoa. Tangu siku hiyo meza inayumba na mimi sinyamazi. Niliusoma wote, kaka, mara nne, na kompyuta nikajifundisha mwenyewe wakati wenzangu wamekwenda kula, mpaka karani wa mishahara alipoondoka wakaona hakuna mwingine anayejua pa kubonyeza. Ndiyo nikapewa kiti chake.

Sasa nikuulize. Ulijua kwamba mshahara si hela tu? Mimi sikujua. Mkurugenzi akipewa nyumba na ofisi, ile nyumba ni mshahara. Mtunza bustani wake ni mshahara. Watoto wake wakilipiwa ada na ofisi, ada ni mshahara. Gari akienda nalo kwenye mkutano si kitu, hiyo ni kazi, lakini akienda nalo kwa mama mkwe, ule mwendo nao ni mshahara, unahesabiwa na unakatwa kodi. Serikali inauliza swali moja tu: hiki kitu, kama ofisi isingekutolea, si ungekilipa mwenyewe? Kama ndiyo, basi umelipwa. Yale marupurupu yote tuliyokuwa tunayaona yanaelea juu ya vichwa vyetu kama mawingu, kumbe yana ukurasa wake. Nilisoma sehemu ile kama watu wanavyosoma hadithi za mapenzi.

Nikawa namweleza kila mtu. Kwenye chumba cha kufungia maboksi wakanibandika jina Wakili. Dada mmoja wa maboksi akaniuliza kama vile vipande viwili vya sabuni tunavyopewa kila mwezi navyo ni marupurupu, nikamwambia vitu vidogo hivyo vimesamehewa, akasema afadhali, maana hakutaka serikali ije kunusa kwapa lake. Mhasibu mkuu, tunayemwita Koma kwa sababu haoni namba bila kuitia koma, yeye hakucheka. Aliniita ofisini akaniambia nifanye mishahara ya wadogo, ya wakubwa niwaachie wakubwa. Kwenye slipu ya mkurugenzi kulikuwa na mshahara mtupu. Nyumba haipo, ada haipo, gari halipo. Nilipouliza kuhusu gari alinijibu kwamba gari la mkurugenzi ni la kazi tu, jioni linalala yadi.

Mimi na wewe tunajua jioni haliko yadi, kaka. Tunajua kwa sababu ya yale madaftari.

Yale yaliyo kwenye katoni chini ya kitanda cha baba, uliyokuwa unachora matrekta nyuma yake ukachapwa. Labda hukuwahi kuambiwa yalianzaje. Mama alinisimulia. Wewe ukiwa bado mtoto mdogo, baba aliendesha lori la kampuni nyingine, wakamfukuza kwa kumwambia kaiba mafuta. Hakuiba. Lakini hakuwa na cha kuonyesha. Alipopata hii kazi alinunua daftari na kalamu mbili, akazifunga pamoja kwa mpira, na toka hapo miaka kumi na tisa hajawasha gari bila kuandika. Kalamu ya bluu ni safari ya kazi. Nyekundu ni safari isiyo ya kazi. Hakuna aliyemwagiza. Hakuna aliyewahi kuyaomba hayo madaftari. Na humo ndani yeye mwenyewe hajiiti mimi, anajiita dereva, kana kwamba anamwandika mtu mwingine aliyemkalia siti ya mbele.

Mwezi uliopita akaja mkaguzi wa kodi. Mama mmoja mnene kidogo, viatu vya chini, mkoba mkubwa, anakunywa maji ya moto matupu na hapandishi sauti hata kidogo. Wakampa chumba cha mikutano. Koma akamwambia yale yale, gari ni la kazi, linalala yadi. Yule mama akauliza kama kuna daftari la safari. Koma akasema hakuna, hatujawahi kuwa nalo. Mama wa watu akaandika, akashukuru.

Kesho yake asubuhi akamwomba dereva wa mkurugenzi aje, na aje na madaftari yake yote mawili ya mwaka huu, ya kalamu mbili.

Koma alibadilika rangi. Baba alileta madaftari, akayaweka mezani, akasimama pembeni amekunja kofia. Jioni hiyo hiyo Koma akamwambia aache funguo na akae nyumbani mpaka ukaguzi uishe. Kiwanda kizima kikawa kinauliza nani kasema. Lawama zikamwangukia mlinzi wa getini, kwa sababu yeye ndiye anayeona gari likitoka na likirudi, na ndiye rafiki wa baba. Unamjua, yule wanayecheza naye drafti ya vizibo vya soda kila mchana. Baba hakumgombeza. Alichofanya ni kufunga vizibo vya yule mzee, vile kumi na viwili vyake, kwenye gazeti, akanipa nikamrudishie.

Basi kazi ya kuchambua safari nyekundu nikapewa mimi, kwa kuwa ndiye mwenye kitabu. Nimekaa na yule mkaguzi siku tatu, meza moja. Yeye anasoma, mimi naingiza. Watoto wa mkurugenzi, shule. Mke wa mkurugenzi, kwa dada yake. Mkurugenzi, msibani. Mkurugenzi, kinyozi. Nilikuwa nafurahi, kaka, sikufichi, kila mstari ulikuwa unaingia mahali pake kama nati. Halafu tukafika Jumanne moja. Ofisini, hospitali, ofisini. Mke wa dereva. Nyekundu.

Nikageuza. Jumanne nyingine. Mke wa dereva. Nyingine tena. Zilikuwa thelathini na nane.

Unakumbuka mwaka jana daktari alivyosema mama akikosa kliniki mguu utakatwa, na basi hawezi kulipanda, na teksi tulikuwa tunaiweza mara moja tu kwa mwezi. Halafu baba akaja akasema mkurugenzi ametoa ruhusa, kila Jumanne gari litampeleka mama. Tulilia kwa furaha. Mama aliniagiza nimwandikie mkurugenzi kadi ya shukrani, baba akasema asisumbuliwe, mkubwa hapendi kushukuriwa. Nikaona kweli huyu ni mtu wa watu.

Nilipoona ile mistari sikushtuka sana mwanzoni. Nikajua tu ni marupurupu. Mkaguzi ndiye aliyeniuliza taratibu kama ruhusa hiyo ipo kwa maandishi. Nikaenda kutafuta kwenye faili. Hakuna. Nikamuuliza Koma, naye akaniangalia kama nimemuuliza njia ya kwenda mwezini. Akaniambia Jumanne mkurugenzi anashinda kwenye kikao na mameneja toka saa tatu mpaka saa nane, gari limesimama tu, ruhusa ya nini? Hapo ndipo nilipoanza kuitilia shaka ile ruhusa.

Mkurugenzi akaitwa. Unamfahamu kwa kusimuliwa tu, ngoja nikuchoree. Mzee mrefu, mgongo umeanza kupinda, miwani yake ina gundi pembeni ingawa angeweza kununua duka zima la miwani. Alikaa akasomewa orodha. Nyumba akakubali. Ada akakubali. Akasema alikuwa anadhani yote hayo yanakatwa toka zamani, na mimi nilimwamini, maana alimwangalia Koma kwa namna ambayo ningekuwa mimi ningeyeyuka. Koma naye, masikini, alisema alikuwa anamlinda, na nadhani hata yeye aliamini hivyo. Safari nyekundu akawa anazikubali moja moja, ya kinyozi akacheka. Tukafika kwenye Jumanne.

Akazisoma mwenyewe. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akasoma tena.

Mkaguzi akaeleza, kwa ile sauti yake ya maji ya moto. Alisema zikiwa na ruhusa, faida ni ya dereva, na kodi itakatwa kwenye mshahara wa dereva. Zikiwa hazina ruhusa, hilo si la ofisi ya kodi, hilo ni la mwajiri na mtu wake. Koma akadakia kwamba hilo lina jina lake, linaitwa wizi wa mafuta.

Kaka, maneno yale yale. Miaka yote hii baba anaandika ili yasimfikie tena, na yamemfikia kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu hakuweza kulidanganya daftari. Angechukua tu ile ya bluu. Hakuna binadamu angejua.

Mkurugenzi akairudisha orodha mezani; chumba cha pili nikasikia ile meza ya fotokopi inayumba. Halafu akasema zilikuwa na ruhusa yake, ya mdomo. Akasema ofisi itamlipia dereva hiyo kodi. Mkaguzi akamwambia ofisi ikimlipia mtu kodi, ule msaada nao ni marupurupu, nao unakatwa kodi. Mimi nikaropoka kwamba ni kweli, ukurasa wa thelathini na moja. Wote wakaniangalia, mkurugenzi akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyebanwa na mlango. Akauliza basi njia iko wapi. Mkaguzi akafikiri, akasema gari kwa matumizi binafsi ni haki ya mkurugenzi, anatozwa kodi yake, na mtu akimwazimisha jirani kilicho chake, bado kinahesabiwa ni chake. Mkurugenzi akasema sawa, nimemwazimisha dereva wangu, zote ziwekwe kwangu, nikatwe mimi. Mkaguzi akamuuliza amepata faida gani katika safari hizo. Akajibu kwamba dereva ambaye mkewe anatibiwa huendesha na akili yake ikiwa ndani ya gari, na yeye ndiye anayekaa siti ya nyuma.

Yule mama akafungua mkoba wake. Kisha akatoa fomu. Ni maelezo kwamba toka Jumanne ya kwanza gari liliazimishwa kwa ridhaa. Inasainiwa na mkurugenzi, na inasainiwa na karani anayetunza kumbukumbu za marupurupu. Mkurugenzi akasaini pale pale. Karani ni mimi. Nikaomba muda mpaka Ijumaa.

Nilipotoka mkurugenzi alinifuata kwenye korido, karibu na mtungi wa maji. Alinikabidhi funguo za gari kwenye bahasha, akasema fomu ikisharudi nimpe baba, yeye hatamuuliza neno, mzee mwenzake ana heshima yake. Nikamshukuru. Nikageuka niende. Akaniita tena, akainamisha kichwa, akaniuliza kwa sauti ya chini: mama yenu anaumwa nini, na toka lini?

Umesikia hilo swali, kaka? Mwaka mzima tumemwombea dua huyu mzee kwa ruhusa ambayo hakuwahi kutoa, na habari za mgonjwa wetu amezijulia kwenye karatasi ya kodi.

Sasa nikuambie lililonikosesha kula. Si mlinzi aliyesema. Ni mimi. Siku ile ya kwanza nilimpelekea mkaguzi maji ya moto. Akaniuliza kitabu hiki nimejifunza na nani, nikamwambia peke yangu, akasema hajawahi kuona karani anayekijua hivi. Kichwa kikavimba, kaka. Unajua nikisifiwa huwa nakuwaje, si wewe uliyenipa jina la Kasuku? Nikajikuta nimekaa, namweleza kwamba baba yangu ni dereva wa mkurugenzi, na yeye hata bila kusoma mwongozo anajua kutenganisha safari za kazi na zisizo za kazi, ana kalamu mbili. Nilikuwa namsifia baba. Naapa nilikuwa namsifia. Mkaguzi akaniangalia kwa huruma kidogo, sasa ndiyo naelewa ile ilikuwa huruma, akasema asante mwanangu.

Juzi nikapeleka vile vizibo getini. Nikashindwa, nikamwambia mlinzi ukweli wote. Yule mzee akafungua gazeti, akavihesabu vizibo vyake, akasema alijua toka siku ile, aliniona dirishani mikono yangu inavyoruka. Nikamuuliza kwa nini hakujitetea. Akasema rafiki akikukasirikia utatafuta mwingine wa kucheza naye drafti, lakini baba akimkasirikia binti yake nyumba haikaliki. Yeye amezoea kusimama juani, nimwache asimame. Nililia pale getini mpaka lori la magadi likanipigia honi.

Fomu iko hapa, ndani ya kitabu. Bahasha ya funguo iko kwenye mkoba. Nikisaini, Jumatatu shati jeupe linatoka mlangoni, mama anapanda gari Jumanne, Koma anafunga mdomo, na miezi minane inaisha kwa heshima. Nisiposaini, thelathini na nane zinaitwa lile jina. Ni rahisi, utasema. Na mimi nilisema ni rahisi, jana usiku nikashika kalamu.

Lakini jana ilikuwa Jumanne. Baba alikodi teksi, akampeleka mama mwenyewe. Walivyorudi alikaa mezani, akatoa daftari jipya. Gari hana, kazi hana, bosi hayupo wa kumkagua. Alipokwenda kuoga nikachungulia. Mstari mmoja tu, mwandiko wake ule wa kulala: Nyumbani, hospitali, nyumbani. Teksi. Mke wa dereva. Amelipa dereva. Na umeandikwa kwa nyekundu.

Nikarudisha kalamu yangu; mtu kama huyo nitamsainiaje uongo bila yeye kujua?

Msalimie wifi, mwambie kitenge chake nimekipata na kinanikaa vizuri. Mbusu mwenye pua. Mama anasema umtumie picha, si ya injini, ya watu. Mlinzi naye anakusalimu, anasema bado unamdai mchezo mmoja wa drafti au yeye ndiye anakudai, amesahau.

Leo ni Jumatano, barua hii naipeleka kwa dereva wa basi la mchana, kesho utakuwa nayo, na Ijumaa saa nne fomu inatakiwa. Sasa unaweza kunipigia, nitapokea, nitatoka nje kabisa mpaka barabarani. Uniambie kitu kimoja tu, wewe unayemjua baba kuliko mimi. Ungekuwa wewe ndiye mwenye fomu hii, ungesaini kwanza ndiyo umwambie, au ungekaa naye kwenye kochi, umweleze mdomo wako ulichofanya, halafu umpe yeye kalamu achague rangi?

Ni mimi mdogo wako,
Kasuku